Chupa Sita za Kishushe

Geoffrey Mwandawiro alikufa Jumapili jioni. Jumanne iliyofuata, saa nne na dakika kumi asubuhi, alituma kifurushi Ulaya.

Sajini Ajiambo aliisoma stakabadhi mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna neno, kisha akailaza juu ya faili. Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Mwendesha pampu wa kisima cha jamii kule Kishushe, miaka hamsini na miwili, amepatikana Jumatatu asubuhi ndani ya shimo la watafuta madini, shingo imevunjika. Ajali. Kazi iliyobaki ilikuwa kuweka nakala ya kitambulisho, kugonga muhuri na kulifunga. Mjane alikuwa ameleta kitambulisho pamoja na bahasha nzima ya karatasi za mumewe, kwa sababu hakujua polisi wanataka ipi. Stakabadhi ilikuwa imo humo, katikati ya kadi ya kliniki na barua za kanisa.

"Jeconia," Ajiambo aliita. "Huyu wa Kishushe alizikwa lini?"

"Jumamosi iliyopita, madam."

"Na mochari alifika lini?"

"Jumatatu saa sita mchana. Nilimleta mimi mwenyewe kwa hii Land Cruiser yetu."

"Basi Jumanne alitokaje kwenda kutuma mzigo?"

Koplo Jeconia, aliyebakiza miezi saba kustaafu, aliivaa miwani yake, akaisoma stakabadhi, akaivua miwani. "Mzimu haubebi kifurushi," alisema. "Na ukibeba, hauchukui stakabadhi."

Ajiambo aliuweka muhuri ndani ya droo.

Ofisi ya vifurushi ilikuwa pale pale Voi, mwendo wa dakika tano kutoka kituoni, mkabala na duka la vipuri. Nyuma ya kaunta alikuwapo mwanamke aitwaye Wanza, amezungukwa na makatoni hadi mabegani. Alimkumbuka Geoffrey kabla hata jina halijamalizika kutajwa.

"Huyo ni mteja wangu. Kila baada ya wiki mbili anakuja na kikasha cha baridi, ndani chupa sita za maji, na barua ya chuo. Zinaenda Finland. Binti yake yuko huko atachimenti, mafunzo ya kazi, anasomea kemia. Mzee akifika hapa lazima kila mtu aambiwe."

"Jumanne ya wiki jana alikuja yeye mwenyewe?"

"Alikuja. Hata nilimwambia, 'Mzee, mbona umekonda hivi?' Hakunijibu. Aliweka sahihi akaenda zake."

"Lete kitabu cha sahihi."

Wanza alikifungua. Sahihi tatu za mwanzo zilikuwa zimelala upande mmoja, herufi zimeshikana kama waya. Ya nne ilisimama wima, kwa herufi kubwa, jina lote limeandikwa kwa usafi kama la mwanafunzi.

"Kwani kuna nini?" Wanza aliuliza.

"Geoffrey amefariki."

"Maskini. Lini?"

"Jumapili. Kabla ya hiyo Jumanne."

Wanza aliutazama mkono wake wa kulia, ule alioupokelea kifurushi. Aliufuta kwenye sketi, akarudi kugonga tarehe kwenye makatoni, moja baada ya jingine, mpaka Ajiambo alipomwambia kwamba hilo katoni amelipiga muhuri mara tatu.

Nje, Jeconia aliuliza alichokuwa akikifikiria Ajiambo pia. "Marehemu ana ndugu?"

Walimkuta Phineas Mwandawiro kwake Bura, akihamisha miche ya kabichi kwenye ngazi za shamba. Ukungu ulikuwa haujapanda kutoka bondeni. Alikuwa na uso wa kaka yake, ule uliokuwa kwenye kitambulisho, ila umekauka kidogo. Aliwaona polisi, akaipigilia udongo miche miwili iliyobaki mkononi, ndipo akasimama.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Mzigo nilituma mimi. Sikuficha. Hamkuniuliza."

"Ulitumia jina la maiti."

"Ningetumia langu, mtoto angeuliza kwa nini."

"Mtoto yupi?"

Phineas aliwaongoza juu, nyumbani kwa marehemu. Mjane alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, ungo mapajani, akichambua maharagwe ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Watu wote pale walimwita Mama Wakesho. Aliitikia salamu bila kuinua macho.

"Wakesho hajui," Phineas alisema. "Tulikaa ukoo mzima Jumatatu ile jioni. Amebakiza muda mfupi kumaliza. Akiambiwa, ataacha kila kitu arudi, na nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Basi tukakubaliana. Chupa alikuwa akizisubiri, nikazituma. Simu ya kaka mlipoturudishia, mimi ndiye ninayemjibu."

Aliitoa simu mfukoni, akaifungua, akampa Ajiambo. Ujumbe ulikuwa mwingi. *Mtandao huku ni mbaya. Tuko salama. Pampu ilikuwa na hitilafu, nimeitengeneza.* Maneno ya mtu aliye hai.

"Mlimzika mtu bila mtoto wake," Jeconia alisema polepole. Hakuwa analaumu. Alikuwa kama anayehesabu.

"Tulimzika," Mama Wakesho alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. Sauti yake haikuwa na machozi wala chochote kingine. "Afande, usimwambie. Uliza unachotaka kwetu. Kwake usimwambie."

Ajiambo alimgeukia Phineas. "Zile chupa ulizitoa wapi?"

"Chumbani kwake, Kishushe, pale alipopanga karibu na kisima. Nilikwenda Jumatatu alasiri kuchukua nguo za kumvisha. Kikasha kilikuwa mezani, kimefungwa vizuri. Chupa sita zimejaa, karatasi zake zimebandikwa, mwandiko wake."

"Hukumimina chochote? Hukuongeza?"

"Nimimine kwa nini?"

"Na mlango uliufungua na nini?"

"Ufunguo."

"Ulipewa na nani?"

"Obadiah. Yule msimamizi wa kambi ya madini. Yeye ndiye aliyemwona kaka shimoni asubuhi."

Waliporudi garini, Ajiambo alifungua faili juu ya boneti. Orodha ya vitu vilivyotolewa kwenye mwili iliandikwa kwa mkono wa Jeconia: simu moja, kisu kidogo kimoja, leso moja. Ufunguo haukuwapo.

"Nilipekua mifuko yote," Jeconia alisema. "Hata ya ndani."

"Najua," Ajiambo alisema. Alikuwa amefika kwenye karatasi ya daktari. Aliisoma taratibu, kwa kidole, jinsi mtu anavyotafuta jina lake kwenye orodha. Kisha akamwonyesha koplo mstari mmoja. Shingo imevunjika. Jeraha la kupasuka, kisogoni, urefu wa kidole.

"Ulimkuta amelalaje?"

"Kifudifudi."

Mstari huo ulikuwa ndani ya faili siku kumi, na wote wawili walikuwa wamelitia sahihi.

Siku ya pili yake, Ijumaa, walishika njia ya Kishushe alfajiri. Barabara ilikuwa mawe na vumbi jekundu. Kwa saa nzima walipishana na pikipiki moja na kundi la ngamia. Kisima cha jamii kilikuwa kwenye uwazi, pampu yake ikiendeshwa sasa na mtu mwingine. Ajiambo alionja maji ya bombani kwa kiganja. Yalikuwa na chumvi, kama maji yote ya upande huo. Watu walikuwa wamekwisha kuyazoea.

Kutoka kisimani hadi shimo ilikuwa nusu saa kwa mguu. Shimo lilichimbwa zamani kwa majaribio, kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani. Jeconia aliteremka kwa kamba, akiguna, akapapasa chini kila upande.

"Kuna mawe?" Ajiambo aliuliza kutoka juu.

"Mchanga mtupu, madam. Laini kama unga."

"Kuta je?"

"Udongo. Hata kucha inaingia."

Ajiambo aliandika. Kwenye mteremko ulio chini ya shimo, hatua mia mbili hivi, mtaro mwembamba ulitoka upande wa kambi na kupotea vichakani. Maji yake yalikuwa ya kijivu. Pembeni kulikuwa na mifupa ya mbuzi wawili ambao hakuna mnyama aliyewagusa.

Kambi ilikuwa na mahema manne, mashine mbili zilizofunikwa na turubai, na lori la maji lililoegeshwa chini ya mti wa pekee uliokuwapo. Obadiah alitoka kuwalaki mikono ikiwa mbele. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongoza maombi. Aliwapa viti, akaagiza chai.

"Geoffrey alikuwa rafiki yangu," alisema. "Nimeumia, afande. Nimeumia sana."

"Wewe ndiye uliyemwona kwanza."

"Saa kumi na mbili na nusu. Natembea kila asubuhi kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, daktari ameniambia. Nikaona kofia yake ukingoni."

"Na ufunguo wa chumba chake ulikufikiaje?"

Obadiah alifikiri kidogo tu. "Ulidondoka tulipokuwa tunamwinua. Niliuokota, nikampa ndugu yake. Ningeutupa?"

"Polisi ndio waliomwinua," Jeconia alisema. "Mimi nilikuwa chini na kamba."

"Basi ulidondoka ukingoni. Siku hiyo nani alikuwa na akili?"

Chai ililetwa kwa vikombe vya bati. Ajiambo alionja, akakiweka kikombe chini. Ilikuwa na majani mengi na sukari nyingi, na nyuma ya sukari kulikuwa na kitu kingine, kizito, kilichobaki kwenye ulimi.

Obadiah alicheka. "Ni dizeli. Msijali, haiui. Lori letu huleta maji ya mfereji kutoka Voi, haya ya hapa yana chumvi sana. Tanki lake zamani lilibeba mafuta. Tumelisafisha mara ngapi, bado. Sisi hata hatuisikii tena."

"Kambi inatafuta madini gani?"

"Chuma. Chuma tu. Leseni iko ukutani pale."

Ajiambo aliiangalia leseni. Ilikuwa ya chuma.

"Afande," Obadiah alisema, akishusha sauti, "sipendi kusema ya watu. Lakini muulizeni yule ndugu yake. Wiki moja kabla ya msiba walifokeana pale kisimani mpaka akina mama wakaacha mitungi. Nasikia ni mambo ya mpaka wa shamba. Sasa mimi sijui. Mimi nasema nilichosikia."

"Umefanya vizuri kusema," Ajiambo alimjibu, akaliandika.

Kwenye gari aliwasha injini, lakini hakuondoka. Jumla aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo. Mtu aliyepasuka kisogo juu ya mchanga. Ufunguo uliopitia mkono usiostahili. Ndugu aliyeghushi sahihi, aliyefokeana na marehemu, na aliyeshika zile chupa mara ya mwisho. Kila kitu cha kwanza kilimwelekea Obadiah, na kila kitu cha mwisho kilimwelekea Phineas. Katikati kulikuwa na chupa sita, na chupa zilikuwa Finland.

"Wewe baki," alimwambia Jeconia. "Chukua maelezo ya akina mama wa kisimani. Usiharakishe. Kaa mahali unapoiona kambi, na simu yako iwe wazi."

"Na wewe?"

"Narudi Bura kumwuliza mtoto, kwa simu ya baba yake."

Jeconia alishuka. "Mama yake alikuomba," alisema.

"Aliniomba nisimwambie. Hakuniomba nisimwulize."

Saa nane mchana alikuwa Bura. Alianza na Phineas, wamesimama kando ya ukuta wa nyumba.

"Ulifokeana na kaka yako kisimani."

"Ndiyo."

"Juu ya mpaka wa shamba."

Phineas alionekana kushangaa kweli. "Mpaka upi? Baba alitugawia kwa mawe, mbele ya kanisa. Tulifokeana juu ya chupa. Nilimwambia aache. Obadiah alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili. Kwa upole tu, unajua upole wake. Mara ya pili alimletea mbuzi."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Kaka alimrudisha siku ile ile. Ndiyo nikafoka. Nilimwambia, mtu akikupa mbuzi ukakataa, umemjibu."

"Mbona hukuyasema haya?"

"Tuliambiwa ni ajali," Phineas alisema. "Mliandika nyinyi."

Mama Wakesho alikubali simu ipigwe, kwa sharti. Ajiambo ataongea hapo hapo uani, mahali anapoonekana. Ataulizia chupa, basi. Ajiambo alichukua simu ya marehemu, akaenda hadi mwisho wa ua, kwenye ukingo wa shamba la viazi, ambako mtandao ulishika vizuri. Aligeuka. Mama Wakesho alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, akimtazama. Kwa umbali ule angeweza kuona, asingeweza kusikia.

Simu ilipokewa kwenye mlio wa pili. Hakukuwa na "baba" wala "halo."

"Naitwa Sajini Ajiambo, wa upelelezi, Voi. Naongea na Wakesho?"

"Ndiye." Sauti ilikuwa tulivu, mbali na mashine iliyokuwa ikinguruma nyuma yake. "Shikamoo."

"Marahaba. Niko kwenu, Bura. Nataka kukuuliza juu ya chupa za maji."

"Uliza, afande. Subiri nitoke kwenye hii mashine." Mlango ulifungwa, ngurumo ikakatika. "Sasa."

"Kwanza nieleze ni za nini."

"Nafanya mafunzo ya miezi mitatu hapa maabara. Kila mmoja wetu alipewa nafasi ya kuchagua kazi yake ndogo. Wenzangu walichagua maji ya ziwa la hapa. Mimi niliomba nipime maji ya kwetu, msimamizi wangu akakubali. Baba anachota, ananitumia. Mahali pane, kila baada ya wiki mbili."

"Umepata nini?"

"Kisimani na kwenye bomba la shule chumvi, tunajua. Kwenye bwawa la ng'ombe hamna neno. Ila mtaro ulio chini ya kambi una zebaki, afande. Si kidogo. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea."

"Kambi inatafuta chuma."

"Zebaki haina kazi kwenye chuma. Zebaki ni ya kukamatia dhahabu. Pale mtu anaosha dhahabu na kumwaga maji mtaroni, na mtaro unashuka kwenye bwawa wakati wa mvua."

Ajiambo aliandika, daftari limeegemezwa kwenye nguzo ya ua. "Mzigo wa mwisho umefika?"

"Jumatatu wiki hii. Huo una shida."

"Shida gani?"

"Chupa zote sita ni maji mamoja. Karatasi zinasema kisima, bwawa, bomba la shule, mtaro mara tatu. Mwandiko wa baba. Lakini ndani ni kama mtu alichota kwenye ndoo moja akajaza zote. Hayana chumvi hata kidogo. Yana klorini, ile dawa ya maji ya mfereji. Kishushe hakuna maji ya mfereji. Na juu yake kuna utando wa mafuta. Mwembamba sana, lakini mashine inauona."

"Mafuta gani?"

"Dizeli."

Ajiambo hakuandika hilo. Aliligeuza mdomoni, mahali ambapo lilikuwa tangu asubuhi. Phineas angeweza kujaza maji ya mfereji Voi, kwenye bomba lolote la mjini. Dizeli asingeipata kwenye bomba lolote la mjini. Aliyejaza chupa zile alizijaza kwenye lori, na alifanya hivyo kabla ya Jumatatu alasiri, akiwa na ufunguo. Chupa zikipotea, watu wangeuliza mzee alikuwa wapi na alichota nini. Zikikutwa mezani zimejaa, mzee alimaliza kazi yake salama, akatoka kutembea, akaanguka.

"Subiri kidogo," alisema. Alichukua simu yake mwenyewe kwa mkono wa pili, akamwandikia Jeconia: *Chota maji ya lori sasa hivi, chupa mbili, mbele ya shahidi. Usimwachie Obadiah aguse tanki. Mshike.* Akarudi. "Maji yale yamebaki?"

"Nusu. Nilipoona klorini niliacha. Nimezifunga, nimeziweka kwenye friji ya sampuli, nimeandika tarehe na jina la msimamizi. Mkitaka zitumike kortini, mtume barua rasmi. Bila barua hawatazitoa."

"Barua itatoka leo. Nani alikufundisha kufunga hivyo?"

"Hakuna. Niliona zitahitajika."

Ajiambo alilitazama jani la kiazi miguuni pake. Alikuwa ameuliza alichoahidi kuuliza.

"Afande," Wakesho alisema. "Mama yuko karibu?"

"Yuko mlangoni. Ananiangalia. Hasikii."

"Basi usibadilishe uso."

Ajiambo hakuubadilisha.

"Baba hajui kuandika kwenye simu. Herufi zinamsumbua, hutuma sauti. Tangu wiki jana napata maandishi, tena yana nukta na koma. Huyo ni baba mdogo Phineas. Siku mbili za kwanza nilidhani simu imeharibika kipaza sauti. Kisha nikaacha kudhani."

"Hukuuliza."

"Ningeuliza wangelazimika kunijibu." Alisema hivyo kama anavyosoma namba kwenye mashine. "Chupa zilipofika nikazipima. Sikujua nifanye nini kingine. Amezikwa?"

"Ndiyo. Jumamosi."

"Nyumbani?"

"Hapa nyumbani. Upande wa juu, karibu na babu yako."

"Alipatikana wapi?"

Hapo Ajiambo angeweza kusema mengi. "Shimoni," alisema. "Lile lililo juu ya mtaro."

Ajiambo aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende mtaroni," Wakesho alisema. "Chupa tatu, ili tuwe na uhakika. Alisema magoti yanamuuma, atakwenda wiki ijayo. Nikamwambia, baba, mara moja hii tu. Ninayo sauti yake akikubali. Amecheka mwishoni."

Ajiambo alikuwa amezitoa habari za vifo milangoni kwa miaka kumi na minne, na kulikuwa na maneno yanayosemwa. Hakuyatumia.

"Utaandika taarifa," alisema. "Uandike yote. Siku, saa, ulichomwambia, alichokujibu. Na hiyo sauti usiifute."

"Hata hilo niandike? Kwamba nilimtuma?"

"Hilo hasa. Faili linasema alikuwa anatembeatembea akateleza. Taarifa yako ndiyo itakayosema alikuwa kazini, alijua anachokichota, na kuna mtu alikuwa na sababu ya kukimwaga. Bila hiyo nina ufunguo na chai mbaya."

"Sawa." Akapumua mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo ili abadilishe bega. "Sawa. Nitaandika leo. Lakini afande, usimwambie mama kwamba najua."

"Kwa nini?"

"Nikijua, itabidi alie na mimi. Kwa simu. Tukikata atabaki peke yake na ukuta. Sasa hivi ana kazi ya kunificha, inamwamsha asubuhi. Mwachie. Nimebakiza wiki tatu. Nitakuja nimshike kwa mikono."

"Wiki tatu ni nyingi kukaa nalo peke yako."

"Nina maji ya kupima," Wakesho alisema, na simu ikakatika.

Ajiambo alibaki ameishika sikioni kidogo, kwa ajili ya yule aliyekuwa mlangoni. Simu yake mwenyewe ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa ya Jeconia. *Nimemkuta amefungua koki analimwaga tanki. Alisema analiosha. Nusu ilikuwa bado. Nimechota chupa tatu, mama wawili wa kisimani wametia sahihi. Yuko na pingu. Anaomba chai.*

Alirudi uani kwa mwendo wa kawaida. Mama Wakesho hakuondoa mkono kwenye mwimo.

"Umemwambia?"

"Nimeuliza chupa, mama. Amejibu vizuri. Amenisaidia." Kisha, kwa sababu hilo walistahili kulisikia kutoka kwake na si kwa majirani, akawaambia wote wawili. Obadiah ameshikwa. Geoffrey hakuteleza. Faili la ajali litafungwa, litafunguliwa jingine, na jina lake litakuwa mauaji.

Phineas alikaa chini kwenye ngazi. Mama Wakesho alilipokea neno lile kama alivyopokea salamu jana yake, akatikisa kichwa, akalipitisha. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Na yeye hajajua?"

"Anaendelea na kazi," Ajiambo alisema.

"Hajalia?"

"Hajalia."

"Afadhali." Alimgeukia shemeji yake. "Atakuwa anajiuliza polisi wanatafuta nini. Mwandikie. Mwambie baba yake amefurahi chupa zimefika."

Phineas alimtazama sajini. Ajiambo alimpa simu. Phineas alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, akaweka nukta mwishoni. Alipobonyeza, wote watatu walibaki wakikitazama kioo.

Jibu lilikuja kabla hakijazimika. Phineas alilisoma kwa sauti, kwa kuwa shemeji yake alimwashiria alisome.

"*Asante baba. Pumzika sasa, magoti yasikuume. Msalimie mama.*"

"Umeona?" Mama Wakesho alimwambia Ajiambo, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ulilegea. "Hajui."

Ajiambo alivaa kofia yake. "Salamu zako hizo, mama," alisema, akashuka kwenda garini.